Mbiu ya Mgambo Ikilia: Tahadhari za Barua Pepe katika Utunzaji wa Seva za Huduma

Maandishi ya mada iliyotolewa kwa waganga wafawidhi, watendaji wa kata, wahasibu wa vituo na wataalamu wa TEHAMA



Wakazi wa Kidete na wa bonde zima la Mkondoa hawahitaji kufundishwa thamani ya taarifa inayofika mapema. Maji yanayowafikia si lazima yawe yamenyesha juu ya mapaa yao. Mvua hunyesha mbali, katika nyanda za Dodoma na Mpwapwa. Maji hukusanyika katika Mto Kinyasungwe, hushuka na mchanga na magogo mpaka bondeni, na mtu aliyelala Kilosa chini ya anga lenye nyota anaweza kuamka maji yakiwa kizingitini. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yalisomba Reli ya Kati katika sehemu kadhaa baina ya Kilosa na Gulwe. Maelfu ya watu walipoteza makazi, na safari za treni zikasitishwa kwa miezi.

Mada hii inahusu jambo dogo kuliko mto, yaani seva na taarifa inazotuma kwa barua pepe zinapoanza kuelemewa. Hata hivyo kanuni ni ileile. Tatizo huanzia mahali pasipoonekana, na muda uliopo kati ya kuanza kwake na kufika kwake ndiyo mali pekee aliyonayo mtunzaji. Tahadhari iliyopangwa vizuri humpa mtunzaji muda huo. Iliyopangwa vibaya humpokonya, huku ikimwacha akiamini kwamba analindwa.

Seva ni nini, na kwa nini inolewe

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Mgonjwa anapoandikishwa mapokezi, daktari anapoandika vipimo na mtunza stoo anapotoa dawa, kila mmoja huketi mbele ya skrini yake, lakini kumbukumbu zote huhifadhiwa mahali pamoja. Vipo vituo ambavyo mfumo wao, kama vile GoTHOMIS, umewekwa kwenye seva iliyo ndani ya kituo, na vipo vinavyoufikia mfumo uliowekwa mbali kwa njia ya mtandao. Kwa vyovyote vile, seva ikisimama, foleni nayo husimama.

Seva haifungwi siku ya kwanza ikaachwa mpaka iharibike. Kila siku hupokea rekodi mpya, huandika faili za matukio na kutengeneza nakala rudufu. Utafutaji wa jina la mgonjwa uliochukua sekunde moja mwaka wa kwanza waweza kuchukua sekunde ishirini mwaka wa tatu, kwa sababu hifadhidata imekua na faharasa zake hazijapangwa upya. Huduma ya kuinoa seva hushughulikia mambo hayo: hupima matumizi ya kichakataji, kumbukumbu na diski, huona ni maswali gani yanayoichosha hifadhidata, kisha hurekebisha mipangilio ili mashine ileile ifanye kazi yake bila kuhema.

Lakini mtaalamu anayefanya kazi hiyo hakai mbele ya kila seva. Mara nyingi yupo makao makuu ya wilaya, na kituo kipo ng'ambo ya mto. Ndiyo maana seva hufundishwa kumwita.

Mfano wa jokofu la chanjo

Wahudumu wa afya wanaijua kazi hii kuliko wanavyodhani, kwani wanalo jokofu la chanjo. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na mhudumu huandika kipimo mara mbili kwa siku. Vipo pia vipimajoto vyenye kengele vinavyokaa humo mchana na usiku. Vile vinavyotumika sana katika mnyororo baridi havipigi kelele kila mlango unapofunguliwa. Joto likizidi nyuzi 8 husubiri liendelee hivyo kwa saa 10 ndipo kengele iwake. Likishuka chini ya nyuzi 0.5 hasi, husubiri saa 1 tu.

Tofauti hiyo imebeba hekima kubwa. Chanjo nyingi huvumilia joto la saa chache, ila baridi ya kugandisha huziharibu upesi, na chanjo iliyoharibiwa kwa kugandishwa haiponi. Aliyepanga kengele ile alijiuliza maswali mawili: madhara yanakuja kwa kasi gani, na je, yanaweza kurudishwa nyuma? Mwenye kupanga tahadhari za seva anapaswa kujiuliza hayohayo.

Kichakataji kinaweza kufikia asilimia 95 kwa dakika mbili wakati ripoti ya mwezi inatolewa, kisha kikatulia. Hilo si jambo la kumwamsha mtu. Kikikaa hapo kwa dakika 30, ni jambo. Nakala rudufu ya usiku ikishindwa mara moja, ni angalizo. Ikishindwa usiku wa tatu mfululizo, kituo kimekwisha kaa siku tatu bila kinga, na diski ikifa asubuhi hiyo, rekodi za siku tatu za wagonjwa zimekwenda nayo.

Kikomo hupimwa kwa siku za safari

Watu wengi huchagua asilimia 90 kuwa kikomo cha diski kwa sababu tu namba hiyo inapendeza. Njia bora ni kuanza na hesabu. Tuseme seva ina diski ya GB 500, na kila siku inaongezeka GB 2. Ikifika asilimia 80, zimebaki GB 100, yaani siku 50. Ikifika asilimia 90, zimebaki siku 25. Ikifika asilimia 98, zimebaki siku 5.

Swali linalofuata halihusu kompyuta. Ni siku ngapi zinahitajika ili diski mpya inunuliwe, isafirishwe na kufungwa? Ununuzi una taratibu zake: mahitaji huandikwa, fedha hutafutwa, idhini hutolewa. Kisha kuna safari. Mji ulio kando ya lami una kikomo chake, na kituo kilicho bondeni ambako masika hukata barabara kina chake. Ikiwa kazi yote huchukua siku 30, tahadhari inayolia zikiwa zimebaki siku 25 imekwisha chelewa kabla haijasomwa. Kituo hicho kinahitaji kuitwa kwenye asilimia 80, na kabla ya masika pengine mapema zaidi.

Kwa hiyo kikomo kisinakiliwe kutoka kituo kimoja kwenda kingine. Kila kituo kiandikiwe mambo matatu: kasi ya ongezeko, muda wa kurekebisha na hali ya njia.

Hatua za kuweka tahadhari

Kwanza, ifunguliwe anwani ya mtumaji iliyo ya huduma yenyewe. Seva isitumie anwani ya afisa wala nywila yake. Afisa akibadilisha nywila, kama anavyotakiwa kufanya, seva itabaki bubu, na hakuna atakayetambua.

Pili, anwani ya mpokeaji iwe ya cheo au ya kikundi, katika barua pepe rasmi ya Serikali inayoishia na go.tz. Watumishi huhamishwa, huenda masomoni, hustaafu. Tahadhari iliyoelekezwa kwenye anwani binafsi ya mtu aliyehamia mkoa mwingine ni barua iliyowekwa kwenye nyumba isiyo na mtu. Kikundi kiwe na watu wasiopungua wawili, ila mmoja wao awe ndiye mwenye zamu. Kazi iliyotumwa kwa wote bila kutajiwa mwenyewe huishia kusubiriwa na wote.

Tatu, seva ielekezwe kwenye mtambo wa barua pepe unaoruhusiwa, kwa kawaida kupitia mlango wa mawasiliano namba 587, na mawasiliano yafungwe kwa usimbaji ili nywila isisafiri wazi. Mtambo huo umtambue mtumaji kuwa halali. Vinginevyo taarifa zitatupwa kwenye folda ya barua taka, pale ambapo hakuna anayezitafuta.

Nne, saa ya seva irekebishwe. Seva nyingi huwekwa zikifuata saa ya kimataifa, ambayo ipo nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ujumbe unaosema 03:10 utasomwa kuwa saa tisa na dakika kumi usiku, kumbe tukio limetokea saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, wakati mhudumu wa zamu alipowasha jenereta. Saa ikikosewa, chanzo nacho hukosewa.

Tano, ujumbe uandikwe kwa namna ambayo msomaji atajua la kufanya bila kupiga simu kuuliza. Ujumbe unaosema “Hitilafu, angalia seva” haufai. Unaofaa ni huu: “Angalizo. Seva ya kituo. Diski imejaa asilimia 80. Zimebaki GB 100. Ongezeko ni GB 2 kwa siku. Itajaa baada ya siku 50. Hatua: hamisha nakala rudufu za zamani na anza maombi ya diski. Mhusika: afisa TEHAMA wa zamu.” Mistari michache hiyo inabeba kitu gani, wapi, kiasi gani, lini na nani.

Sita, tahadhari ijaribiwe. Kikomo kishushwe kwa makusudi mpaka chini ya matumizi ya sasa, ujumbe usubiriwe, uonekane kwenye simu ya mwenye zamu, kisha kikomo kirudishwe. Jaribio hilo lirudiwe kila robo mwaka na kila mtumishi anapobadilishwa. Tahadhari ambayo haijawahi kujaribiwa bado ni tumaini tu.

Ngazi tatu zinatosha

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha wazoesha wananchi ngazi za taarifa: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila moja na rangi yake. Hakuna haja ya kubuni lugha nyingine. Angalizo liwe jambo la kushughulikiwa ndani ya wiki, mfano diski inayojaa polepole. Tahadhari iwe jambo la siku hiyohiyo, mfano nakala rudufu iliyoshindwa mara mbili. Tahadhari kubwa iwe jambo la saa hii: hifadhidata imesimama, au chumba cha seva kimepata joto la kuunguza.

Ngazi hizo zitumie njia tofauti, na sababu yake imo katika asili ya barua pepe. Tangu mhandisi Ray Tomlinson alipotuma ujumbe wa kwanza kati ya kompyuta mbili mwaka 1971, barua pepe imebaki kuwa barua: huandikwa, huwekwa kwenye foleni, hupitishwa kutoka mtambo hadi mtambo. Mpokeaji asipopatikana, mtambo hujaribu tena na tena, mara nyingi kwa siku kadhaa kabla ya kukata tamaa. Uvumilivu huo ni wema kwa angalizo. Kwa tahadhari kubwa ni hatari, kwa kuwa ujumbe unaweza kufika salama kabisa kesho kutwa. Basi angalizo liende kwa barua pepe peke yake. Tahadhari iende kwa barua pepe na ujumbe mfupi wa simu. Tahadhari kubwa ifuatwe na kupiga simu mpaka mtu aitike.

Ukimya nao ni habari

Lipo kosa ambalo hata mafundi hodari hulifanya. Huiagiza seva ijitangazie ugonjwa wake, wakasahau kwamba maiti haisemi. Umeme ukikatika na betri ikaisha, seva haina nguvu ya kuandika barua. Mtandao ukikatika, barua imeandikwa lakini imebaki ndani. Katika hali zote mbili sanduku la mwenye zamu litakuwa tupu, na yeye atalala akidhani kuna amani.

Dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni mlinzi wa nje: kompyuta nyingine, mahali pengine, inayoiuliza seva kila baada ya dakika chache kama ipo hai, na kupiga mbiu isipojibiwa. Ya pili ni salamu ya kila siku. Seva itume ujumbe mmoja mfupi kila asubuhi: nipo, nakala ya usiku imekamilika, diski ina nafasi kiasi hiki. Salamu isipofika saa mbili asubuhi, mwenye zamu huanza kuuliza.

Desturi hiyo si ngeni kando ya Reli ya Kati, iliyojengwa kati ya mwaka 1905 na 1914 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Mkaguzi wa njia hutembea kwa miguu akiangalia mataruma na madaraja, kisha hurudi kutoa taarifa. Akichelewa kurudi wakati wa mvua, kuchelewa kwake ni taarifa tosha.

Mbiu isipigwe ovyo

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nguvu ya methali hiyo ipo katika masharti yake: mbiu ililia mara chache, na kila ilipolia palikuwa na jambo. Kama ingelia kila asubuhi kwa sababu kuku wamevuka njia, hakuna ambaye angeacha jembe shambani kuifuata, hata siku ambayo mto umefurika.

Hivyo ndivyo sanduku la barua la mtaalamu linavyokufa. Siku ya kwanza hupokea taarifa 40 akasoma zote. Wiki ya pili husoma vichwa vya habari. Mwezi wa tatu huunda folda na kuziamuru zote ziende huko zenyewe. Kuanzia siku hiyo kituo hakina tahadhari, ingawa katika ripoti kitaandikwa kuwa kinayo. Lawama haimwangukii yeye peke yake, maana aliyepanga kelele hizo ndiye aliyemfundisha kutosikia.

Kinga yake ni kanuni tatu. Tukio moja litume ujumbe mmoja linapoanza na mmoja linapokwisha. Lisitume kila dakika. Matukio yenye chanzo kimoja yafungwe pamoja, kwani umeme ukikatika hakuna faida ya kupokea barua kumi za mashine kumi. Na kila tahadhari iliyofika mara tano bila mtu kuchukua hatua yoyote ipitiwe: ama kikomo chake kirekebishwe, ama ifutwe. Kufuta tahadhari isiyo na kazi ni sehemu ya utunzaji, sawa na kupalilia.

Siri za watu zisisafiri na taarifa

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia barua hizi ndogo. Hifadhidata inapolalamika, mara nyingine hunakili ndani ya ujumbe swali lililoishinda, na swali hilo laweza kuwa na jina la mgonjwa na vipimo vyake. Ujumbe huo husambazwa kwa watu wanne, husomwa kwenye simu ndani ya basi, hupelekwa kwa fundi wa nje. Kwa hiyo maudhui ya tahadhari yachujwe: namba ya kosa na mahali vinatosha. Majina yabaki ndani ya mfumo.

Kinachopotea tahadhari isipojibiwa

Tuchukue asubuhi moja ya kufikirika katika kituo cha bondeni. Diski imejaa usiku. Hifadhidata imekataa kuandika. Mama aliyetembea tangu alfajiri akiwa na mtoto mwenye homa anaambiwa mfumo hauko sawa. Wahudumu wanachukua daftari, jambo ambalo ni sahihi, na kila kituo kinapaswa kuwa na daftari hilo tayari. Lakini kumbukumbu za matibabu ya mwezi uliopita hazionekani. Mtunza stoo anatoa dawa bila kujua salio. Makusanyo ya siku yanaandikwa pembeni, na jioni hesabu hazilingani. Mtoto atatibiwa. Ila mama yule ataondoka akijua kwamba kituo hakikuwa na kumbukumbu yake, na imani ya mwananchi kwa huduma haina nakala rudufu.

Wiki saba kabla ya asubuhi hiyo, seva ilituma angalizo. Lilikwenda kwa nani?

Swali hilo ndilo msingi wa mada nzima. Kuweka tahadhari za barua pepe ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kazi yake. Kumweka mtu anayezijibu ni kazi ya uongozi, na haikamiliki kwa siku moja. Kwa sababu hiyo kila kituo na kila idara inaombwa kufanya mambo manne: kuandika kwenye karatasi, ukutani, cheo cha mwenye kupokea tahadhari na cha msaidizi wake; kuweka rejesta ambamo kila tahadhari huandikwa saa ilipofika, hatua iliyochukuliwa na aliyeichukua; kufanya jaribio kila robo mwaka, na moja kabla ya masika; na kusoma rejesta hiyo katika kikao cha mwezi, kama inavyosomwa taarifa ya dawa na ya fedha.

Bonde la Mkondoa limejifunza kwa gharama kubwa kwamba maji hayangoji kikao. Mvua ya Mpwapwa haiwezi kuzuiwa na mtu aliye Kidete, wala diski haiwezi kuzuiwa kujaa. Kinachowezekana ni kujua mapema, na kuwa na mtu aliyeamka.